Butura ya Miguu

Huku Karagwe na Kyerwa butura tunaijua: kahawa inauzwa ingali ua, mnunuzi anaondoka na mavuno, mwenye shamba anabaki akihesabu matawi. Serikali imepiga marufuku. Hongera. Sasa tumehamia kwa watoto.

Jirani yangu wa Omurushaka ana kijana wa miaka 13 (14 kwenye cheti cha ubatizo, 11 kwenye fomu ya akademi). Mguu wa kushoto anao, sikatai. Juzi kaja bwana mmoja kavaa raba nyeupe, msimu wa mvua, nyeupe pee! Anasema ana akademi ya mpira pale Kayanga. Tukauliza uwanja uko wapi. Akatoa simu: nyasi za kijani, na kwa mbali, mlima wenye theluji. Labda Kayanga imehama.

Ada ya majaribio kwanza, Ubelgiji baadaye. Nikamkumbusha jirani kwamba FIFA hairuhusu mtoto chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa masharti machache. "Mzee, unamwonea mtoto wivu." Haya. Samatta mwenyewe alipitia African Lyon, Simba na TP Mazembe ndipo akaiona Genk ya huko Ubelgiji mwaka 2016, lakini subira hiyo ataitoa nani, na mbuzi wameshauzwa?

Nikamgeukia bwana raba: kocha wenu nani, na shule mtoto atasoma wapi?

Akasema hanisikii vizuri, mtandao unakatakata. Tulikuwa tumekaa benchi moja, chini ya mgomba.