Kwa Msafiri Mbishi wa Eldoret: Namna ya Kufika Ng'ambo Begi Likiwa Kavu

Kwanza, soma tiketi yako mwenyewe. Usimwachie shemeji, wala usiangalie bei na jina tu ukarudisha simu mfukoni. Ukikuta imeandikwa 00:20, tarehe 14, tulia hapo. Kwetu bara siku huanza jogoo akiwika, kwa hiyo ukisikia usiku wa tarehe 14 unafikiria ule unaofuata mchana wa tarehe 14. Shirika la ndege huanza siku yake saa sita usiku. Ndege hiyo inaruka usiku wa kuamkia tarehe 14, na tarehe 13 jioni uwe umeshafika Nairobi, umekula, uko kwenye foleni. Katika kazi hii ya kukata tiketi hakuna kosa ninaloliogopa kama hili, kwa sababu huwapata watu makini: mwalimu aliyepanga mizigo wiki nzima, mama aliyeombewa na kanisa zima, wakaingia uwanja wa JKIA, Nairobi, na shangwe zao, ndege ikiwa imeshaondoka usiku uliotangulia. Chukua kalamu, andika kwenye kalenda ya ukutani siku ya wiki utakayofunga mlango wa nyumba yako. Mwonyeshe na mtu wa pili.

Uwanja wetu wa ndege wa Kapseret, uliofunguliwa mwaka 1997, unaitwa wa kimataifa, na ndege kubwa za mizigo kutoka mbali hutua pale. Abiria wa ng'ambo bado anapitia Nairobi. Ukiamua kwenda kwa barabara, ni kilomita 300 na ushei, kuna ukungu Timboroa na malori Salgaa, na Jumapili jioni kuanzia Naivasha magari hayasongi. Ondoka siku moja mapema, ulale kwa jamaa. Chagua jamaa vizuri: binamu wa Embakasi ni baraka, binamu wa Rongai mtembelee ukirudi.

Viza nitaipitia haraka, maana masharti yake yameandikwa wazi na ubishi haubadilishi kitu. Kwa nchi za Schengen, ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Pasipoti ibaki hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka huko. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa baada ya siku 10, basi usingoje kuchanjwa zikiwa zimebaki siku mbili usafiri. Na pesa za harambee zisinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Waliochanga ni majirani zako, utakutana nao sokoni.

Mwanariadha, wewe sogea karibu. Kama umo kwenye orodha ya wanaopimwa dawa za kusisimua misuli, unatakiwa kutaja, kwa kila siku, kipindi cha saa moja na mahali utakapopatikana. Kukosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa linaloweza kukufungia hata miaka miwili, na damu yako ikiwa safi kabisa. Unapohama kutoka kambini Kaptagat kwenda hoteli ya Chicago, badilisha taarifa kabla hujapanda gari la kwenda uwanja wa ndege. Ndege ikichelewa, badilisha tena ukiwa umekaa pale getini. Meneja akisema atakubadilishia, mshukuru, kisha fungua simu uhakikishe mwenyewe, kwa sababu adhabu itaandikwa kwa jina lako. Nimeona vijana wanaojua mwendo wao wa kila kilomita na hawajui nywila ya akaunti wanayojazia taarifa hizo. Ijue.

Sasa tuje kwenye mursik, na hapa najua tutagombana.

Maziwa haya, yaliyokaa ndani ya sotet, kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, yangali hai. Yanaendelea kuchacha, yanatoa hewa, na hewa inatafuta njia. Unaziba mdomo wa kibuyu kwa karatasi ya nailoni, unafunga kamba, unazungushia sweta, unaapa haitavuja. Begi linafika kwenye mizani, na mhudumu anaona kona moja imeloa. Likifunguliwa, sweta limekunywa robo ya maziwa, shati jeupe la harusi lina mkondo wa kijivu kutoka kola hadi kifungo cha tatu, na bahasha ya vyeti inanukia moshi. Hata ikifika salama, Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi kama yetu kuingia na maziwa wala nyama. Ofisa wa forodha atakitupa kibuyu kwenye pipa mbele yako, kibuyu alichokisugua mama kwa mikono yake. Hilo huniuma kila ninapoambiwa. Kwa hiyo kunywa mursik asubuhi ya kuondoka, unywe mpaka mama aridhike, na utapokewa kwa nyingine ukirudi. Majani ya chai ya Nandi Hills beba. Ukiwa Italia na hamu ya ugali, nunua unga wa polenta, usonge mpaka mwiko usimame; utakuwa wa manjano, lakini utashiba.

Usiniambie baridi unaijua kwa kuwa umezaliwa Burnt Forest. Boston, Aprili 2018, mvua ya baridi iliwapiga wakimbiaji usoni njia nzima. Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa anaongoza, akapitwa zikiwa zimebaki kilomita chache na Yuki Kawauchi wa Japani, aliyesema hali hiyo ilimfaa kuliko nyingine yoyote. Beba glavu na koti lisilopitisha maji. Koti zuri linapatikana mitumba hapa mjini. Lilikotoka ndiko unakokwenda.

Mzazi wa mwanafunzi, kwako sina mzaha hata kidogo. Mwaka 2023 familia ziliandamana mjini humu zikidai kurudishiwa pesa zilizolipia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada. Watu walikuwa wameuza ng'ombe na mashamba. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, kwa jina la mtoto, na risiti itoke chuoni. Kibali cha kusoma Finland huombwa kwenye mtandao wa serikali yao, Enter Finland. Mtoto awe na nywila yake na aone ombi limefika wapi. Wakala anayekataa mtoto asiwasiliane na chuo, mwage.

Ukishavuka hayo, furahi, ndiyo maana ya kusafiri. Ukikaa siku moja Muscat, panda teksi na umsalimie dereva kwa Kiswahili. Udereva wa teksi Oman ni kazi ya wenyeji, na familia nyingi za huko zina asili ya Zanzibar. Unaweza kujibiwa kwa Kiunguja kitakachokufanya uchunge ngeli zako.

Ila ninapopapenda kuliko pote ni Vienna, kwenye barabara ya Hauptallee ndani ya bustani ya Prater: imenyooka, tambarare, miti pande zote mbili. Hapo, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Hakuna kiingilio. Shuka Praterstern kwa treni ya U1 au U2, nenda asubuhi mapema, pima mita 400 na ujaribu kuzikimbia kwa sekunde 68. Huo ndio mwendo aliokwenda nao mfululizo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Umetoka mita 2,100 juu ya bahari, pumzi itakuwepo. Miguu ndiyo itakayokupa heshima mpya kwa Kipchoge. Unaporudi hotelini, gonga tiketi muhuri, kama haijagongwa, kabla ya kupanda treni. Mtu akiwa na jasho na furaha husahau, na wakaguzi wengine wa huko huvaa kiraia.