Ndugu Mteja

Mwizi wa Kariakoo akikuchomolea pochi hakutumii ujumbe wa kukushukuru kwa kuchagua huduma yake. Benki hutuma. Wa kwangu ulinikuta Deira, Dubai, nikiwa bado nimesimama mbele ya ATM: "Ndugu Mteja," kisha kiasi nilichotoa, kisha makato. Simu ikalia tena. Safari hii yalikuwa makato ya makato, yaani VAT ya asilimia 18 juu ya ada. Nami nilikuwa nimeomba dirhamu 500 tu, za teksi na biriani.

Sisi tuliopitia tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 tulidhani tumeshakomaa. Kumbe zile zilikuwa za kujifunzia. Ukitoka nje ya nchi, mwenye mashine ana chake, mtandao wa kadi una chake, na benki ya nyumbani ina ada ya kutoa pesa nje, kisha ina asilimia ya kubadilisha sarafu. Hesabu yenyewe mara nyingi hupitia kwenye dola. Hapo ndipo ninapocheka, maana dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997: 3.6725 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Ni kulipishwa nauli ya pantoni kwenye mto uliokauka.

Mashine yenyewe ina adabu zake. Kabla ya kutoa noti iliniuliza: ukatwe kwa shilingi za kwenu au kwa dirhamu? Shilingi ilikuwa juu, imeandikwa kwa herufi nene, inanikonyeza. Shangazi, ambaye ameuza vitenge tangu sijazaliwa, akachungulia begani kwangu.

"Shilingi yetu kaijulia wapi huyu? Bonyeza dirhamu, mwanangu. Ukimwachia apange bei yeye, umekwisha."

Nikabonyeza dirhamu.

Aliyetufuata kwenye foleni alikuwa kijana wa Mbagala, kaja kununua simu za kuuza. Kadi yake ikakataliwa. Akaomba salio, ujumbe ukaingia: kakatwa ada ya kuulizia salio. Yaani alilipia kuambiwa kwamba hana. Akapiga simu benki, akapigiwa muziki mtamu wa kusubiri mpaka vocha ikakata.

Shangazi hana kadi. Dola zake zilikuwa kibindoni, chini ya baibui, noti mpya zisizo na hata mkunjo. Alivuka barabara akaingia duka la kubadilisha fedha, akabishana kidogo kwa Kiswahili na mtu asiyekijua, akatoka anatabasamu. Huruma ikamshika, akamkopesha kijana dirhamu 200, atarudisha kwa shilingi wakifika Dar.

"Kwa kiwango gani, mama?"

"Tutaongea, baba."

Waliongea ndani ya ndege. Tulipokaribia kutua, kijana alikuwa anaisifia benki yake.