Moja Humponyoka

Mke wangu ana daftari la kikoba, na ukurasa wake wa mwisho ni makaburi ya simu zangu. Ya kwanza ilitumbukia kwenye sufuria ya mchuzi wa pweza nikiwa naonja chumvi. Ya pili niliisahau juu ya bajaji, ikaenda Mbagala peke yake. Ya tatu haikuanguka popote; ilikuwa imelala kwenye kiti, nikaikalia. Ya nne ni ya chooni, na hiyo tumekubaliana tusiizungumze mbele ya wageni.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nimejiwekea laki nne na nusu ya kununua kamera, hakuuliza ya nini wala ya aina gani. Aliuliza neno moja tu.

"Inaelea?"

Nikacheka, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda Kariakoo.

Ilikuwa mwaka 2021. Katika duka moja la ghorofani, kijana wa duka aliniwekea kamera mbili juu ya kaunta, zote mtumba, bei zake zikipishana kidogo. Kulia ilikaa Canon EOS 1100D, toleo la mwaka 2011, na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55 na mkanda mnene wa shingoni. Ni kamera ya wanaoanza, lakini ukiiona kifuani mwa mtu huwezi kujua kwamba anaanza. Kushoto ilikaa Olympus TG-4 ya mwaka 2015, nyekundu, ukubwa wake kipande cha sabuni.

"Boss, hii ndogo ni ya vita," kijana akasema, akaiachia. Ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Akaiokota, akaitumbukiza kwenye ndoo ya kupigia deki, akaitoa ikichuruzika maji machafu, akanipiga picha. Nilitoka nimeachama.

Ndivyo walivyoiunda. Watengenezaji wameandika kwamba inashuka mita 15 chini ya maji, inaanguka kutoka mita 2.1, inabeba uzito wa kilo 100, na inafanya kazi kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar es Salaam utaipata kwenye majokofu ya samaki peke yake.

"Na hii kubwa?"

"Hiyo, boss," akaishika kwa mikono miwili kama anapokezwa kichanga, "hiyo usiidondoshe."

Mwanangu alikuwa ameshasoma makaratasi. "Baba, ndogo ina megapikseli 16, kubwa ina 12. Chukua 16." Mimi ni mwalimu, mtoto akikosea mbele yangu siwezi kunyamaza hata kama niko dukani kwa watu. Nikamweleza kwamba ndani ya kamera kuna sensa inayokinga mwanga, na ya hiyo kubwa ina upana wa milimita 22 na kimo cha karibu 15, wakati ya ndogo haifiki saba kwa tano. Eneo la moja linazidi la nyingine zaidi ya mara kumi. Mvua ikinyesha, huyu anakinga kwa karai, yule kwa kikombe cha kahawa. Mchana wa jua kali, mvua ni ya gharika, vyote vinajaa. Jioni ikiwa manyunyu, mwenye kikombe hulala na kiu.

Maneno mazuri, lakini siyo yaliyoniuza. Kilichoniuza ni sauti. Niliiinua ile kubwa, nikatia jicho kwenye kitundu, nikabonyeza. *Klak!* Ndani yake kuna kioo kinacholeta jichoni mwanga uliopita kwenye lenzi. Ukibonyeza, kioo kinaruka kupisha sensa, kisha kinarudi mahali pake. Ndicho kinacholia. Dada mmoja aliyekuwa pembeni akinunua chaja alisikia *klak*, akageuka, akarekebisha mtandio. Nilipobonyeza ile ndogo ikalia kama simu inayoishiwa chaji, na dada hakutikisika.

Mtandio ule ulinigharimu laki nne na thelathini.

Tulipofika nyumbani ndipo nilipojua nani kamnunua nani. Pwani yetu hii hewa ina chumvi na unyevu hauendi likizo. Lenzi ikifungiwa kabatini huota ukungu kama mkate, nyuzinyuzi nyeupe zinatambaa ndani ya kioo. Nikashauriwa niiweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba nikiomba vipakiti. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulishajua kwamba mwalimu ana matatizo ya viatu, na mama mmoja akaniletea raba za mumewe, namba 44. Mimi navaa 41. Nilizipokea, maana ndani ya boksi mlikuwa na kipakiti.

Siku moja nikaikuta kamera jikoni, imekaa katikati ya vitunguu kama mgeni aliyesahauliwa. Ndoo yake ilikuwa inalowekewa maharage.

Zikafuata amri. Vumbi likitimka, haitoki. Mvua ikitishia, haitoki. Daladala ikijaa, haitoki, na mimi sijawahi kuona daladala isiyojaa. Mwezi wa kwanza tulipiga picha 19, kumi na nne kati ya hizo za paka, ambaye naye alikuwa hatoki.

Heshima, hata hivyo, niliipata. Kwenye harusi ya binamu yangu Tanga, mshereheshaji aliniona na ule mkanda shingoni, akatangaza, "Mpisheni mpiga picha!" Watu wakapisha. Shangazi ambaye hajanisalimia tangu nikiwa na kaptula akanivuta akasema, "Baba, nianze mimi." Nilikuwa nimeweka herufi M, ya kupanga mwanga mwenyewe, kama wafanyavyo mafundi, na kwa kuwa chumba cha bi harusi kilikuwa na kiza, niliifungulia kamera mwanga wote inaoweza kuukusanya. Picha za ndani zilikuwa nzuri, naapa. Kisha tukatoka uani saa saba mchana, na mimi nikatoka na mipangilio ileile ya chumbani. Sikuangalia kioo cha nyuma kwa sababu nilikuwa naitiwa pilau. Picha zilipofunguliwa, bi harusi hayupo. Shela jeupe, ukuta mweupe, mbingu nyeupe, vyote vimeungana kama tui; kilichosalia ni hina ya mikononi na miwani ya shangazi. Hadi leo shangazi anaziita "zile picha zangu", na bi harusi anaziita jina jingine.

Desemba tukaenda Mafia, nyumbani kwao mke wangu. Miezi hiyo ndiyo ya papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye mwili wa basi na madoadoa ya kanga, ambaye pamoja na ukubwa wote huo hali watu. Hula vijidudu na uduvi. Anasogea karibu na Kilindoni, na watu huingia majini kuogelea naye. Nani anabeba kamera yake ya heshima asipige picha ya mnyama kama huyo?

Ila kwanza kuna maji ya kuvuka kutoka Nyamisati. Zamani ningeitia kamera kwenye Rambo, nikafunga fundo, nikalala usingizi. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Sina ugomvi na katazo hilo, bahari imepumua. Niseme tu kwamba ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, ukipigwa mawimbi mara mbili, ni chujio la nazi. Nikaizungushia kamera kanga mbili za mke wangu, nikaikumbatia saa zote za safari. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza mtoto ana umri gani.

Siku ya papa potwe, shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akaniita kutoka majini. "Shemeji, ruka! Huyo chini yako!" Chombo kizima kiliruka. Mimi nilikuwa nafungua kanga ya kwanza. Nilipofika ya pili, yule samaki alishapita kwa utulivu wa meli ya mizigo. Picha niliyoipata ni ya kisogo cha shemeji, na kwa kweli imetoka vizuri, mtu unaweza kuhesabu nywele.

Niliporudi Dar nikakopa kwenye kikoba cha mke wangu. Kijana wa duka alinikumbuka. Ile nyekundu ilikuwa bado ipo, inanisubiri kama deni.

"Mwalimu, chukua na huu mkanda wa povu, elfu ishirini na tano tu. Hii kamera haiingii maji, lakini haielei."

Nilisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili nilidhani ni ya kuuzia mkanda. Nyumbani nikaifunga uzi wa raba, zile za namba 44.

Jamani, nilipata raha! Kamera isiyo na amri hata moja! Niliitia mfukoni pamoja na funguo. Watoto waliipeleka kwenye madimbwi. Iliangukia ngazi zote za shule yetu, na shule yetu ina ngazi nyingi. Desemba iliyofuata tukaenda nayo Mafia, na jioni ya kwanza niliitumia kupiga picha za samaki waliokuwa wanaparuliwa, nikaiacha pale pale. Asubuhi sikuiona. Nikamkuta mama mkwe, Mungu amweke, ameshaiosha pamoja na vyombo kwa sabuni na dodoki, ameianika juu ya kichanja kati ya sufuria na mwiko.

"Ilikuwa inanuka shombo, mwalimu," akasema.

Nikasema, "Ahsante, mama," maana mkwe haelekezwi. Nikaibonyeza. Ikawaka, inang'aa kuliko siku niliyoinunua. Na kumbe kamera hizi zikitoka baharini ndivyo zinavyotakiwa, kusuuzwa kwa maji baridi ili chumvi itoke. Mama mkwe hakusoma kitabu chochote, amesoma chombo.

Kasoro yake ilijitokeza usiku. Palikuwa na shughuli nyumbani, taa moja uani, wazee wamekaa mkekani. Kikombe kikakinga manyunyu. Picha zikatoka kila mzee ana uso uliopakwa uji, huyu hajulikani na yule, na wajukuu wakagombana ni babu yupi. Hapo nikaifungua ndoo tuliyosafiri nayo, nikaitoa kubwa, *klak*, na nyuso zikarudi kwa wenyewe.

Usiku huo nikajiona nimepata jibu lililowashinda wengine: ya nini kuchagua? Kesho naingia baharini na zote mbili. Kubwa shingoni kwa pezi likitokeza juu ya maji, ndogo mkononi kwa chini. Wimbi lolote likija, mimi niko tayari.

Wimbi likaja. Halikuwa kubwa, nahodha mwenyewe hakuliona. Nilikuwa nimesimama, mguu mmoja kwenye ukingo, mwili umeinama, ndogo kiganjani na uzi wake wa raba umezungushwa vidole viwili. Chombo kikayumba. Kubwa ikabembea kuelekea majini, na mikono yangu yote miwili, bila kuniuliza, ikaikimbilia. Mwaka mzima wa ndoo, kanga na vipakiti ulikuwa umeifundisha mikono hiyo kazi moja. Niliikumbatia kifuani kwa nguvu, kidole kikabonyeza penye kitufe. *Klak.*

Baadaye kidogo ikasikika sauti nyingine, ndogo, ya heshima: *chubwi*.

Kila mtu akachungulia. Nyekundu ikawa ya waridi, ikawa kivuli, ikawa maji.

"Hapa ni pima ngapi?" nikamuuliza nahodha.

"Kumi."

Pima moja ni mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa, kama mita 1.8. Nikapiga hesabu, ualimu hauna likizo: mita 18. Watengenezaji wameandika 15.

Shemeji aliniwekea mkono begani. "Lakini shemeji, si ulisema haiingii maji?"

"Haiingii."

"Basi ipo salama."

Mke wangu hakusema kitu. Alishasema kabla sijaenda Kariakoo.

Jioni niliifungua ile kubwa nione kidole changu kilipiga nini. Mbingu imelala upande, mkono wa shemeji umenyooshwa, na pembeni kabisa, angani, kitu chekundu kiko katikati ya safari yake, kimesimama kimya na uzi wa raba umejikunja nyuma yake kama mkia wa tiara. Hata matone yanahesabika. Ndiyo picha kali kuliko zote nilizowahi kupiga, na sikuipiga mimi. Mama mkwe ameitia kwenye fremu sebuleni. Wageni wakimuuliza, anasema ni kamera yake ya kuosha.

Watu hunijia siku hizi wakitaka ushauri, ya mkanda au ya kuzuia maji. Nawapa habari za karai na kikombe, nawapa habari za ukungu, na nikiona wameanza kupiga hesabu ya kuchukua zote, nawakumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hawakutuambia ni ipi. Mimi nimelipia kujua: huponyoka ile unayoiamini. Ile unayoiogopa vidole huikaza mno, haiwezi kwenda popote.

Tuliporudi Dar, mke wangu alifungua daftari, ukurasa wa mwisho, akashika kalamu, akasita.

"Niandike imekufa?"

"Hatuna ushahidi."

Akafikiri kidogo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Ya tano. Imehamia Mafia.*