Uungwana wa JSON

Wanaoilaumu JSON, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupelekeana data, hawana shukrani. Ni kweli haina aina maalumu ya tarehe, lakini hiyo si kasoro, ni heshima. Kila programu imeachiwa iandike siku ipendavyo: moja hutuma maandishi, nyingine sekunde zilizopita tangu 1970, ya tatu milisekunde, na mpokeaji hupata fursa adimu ya kubahatisha. Namba nazo zimefanyiwa ukarimu uleule. Python ikituma 9007199254740993, JavaScript huisoma 9007199254740992, bila kelele wala ujumbe wa hitilafu. Wachoyo watauita huo upotevu. Muungwana hababaiki kwa moja. Karani wa benki angefukuzwa kazi kwa hilo, lakini karani gani ana kasi hii?

Watatokea wa kuuliza: mbona Protocol Buffers, muundo mwingine wa kupelekeana data, hutaka aina ya kila kipengele itangazwe kabla data haijasafiri? Naam, na hapo ndipo adha ilipo. Pande mbili hulazimika kukubaliana mapema, ilhali zingeweza kugundua tofauti zao baadaye, mbele ya wateja. Twitter ilionyesha busara zaidi mwaka 2010, namba za utambulisho wa jumbe zilipokuwa zinarefuka kupita uwezo wa JavaScript. Haikugombana na mtu. Ilituma kila namba mara mbili, mara kama namba, mara kama maandishi. Anayetaka wepesi achukue ya kwanza, anayetaka ukweli achukue ya pili. Mfumo unaokuachia uchaguzi huo utaulaumu kwa lipi?