Mwongozo wa Matembezi kwa Mzazi wa Mabatini Mwenye Hela ya Soda Tu

Hatua ya kwanza ni kunyamaza. Ukiwatangazia watoto Jumatano kwamba Jumamosi mnatoka, ikifika Ijumaa jioni habari imeshafika kwa shangazi na kwa majirani wote wa mlimani, na matembezi ya watoto wawili yamegeuka msafara wa watoto tisa. Wewe waamshe tu Jumamosi, waogeshe, uwalishe. Hilo la kuwalisha usiliruke. Mtoto aliyeshiba chai na viazi hupita mbele ya kabati la chipsi bila kulia, na kwenye kabati lile ndiko bajeti nyingi za Mwanza zinakozikwa. Kwenye mfuko tia matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga na maji ya kumtosha kila mmoja. Soda ni ya wakati wa kurudi, na watoto walijue hilo kabla hawajavaa viatu.

Hatua ya pili: usipande daladala. Panda jiwe la nyuma ya nyumba. Sisi wa Mabatini tumejenga juu ya mawe, tunaanika nguo juu ya mawe, halafu tunasema watoto hawana pa kwenda! Subirini saa nne, jua likishayapasha moto, mkae kimya. Atatokea mjusi mwenye kichwa chekundu, shingo na mabega mekundu, na kiwiliwili cha buluu iliyokolea. Huyo ni dume. Jike lake ni la kahawia na usipoangalia vizuri utadhani ni sehemu ya jiwe. Dume likimwona mwenzake linaanza kutikisa kichwa juu chini, juu chini, kumwambia kwamba hapa pana mwenyewe. Watoto wa Ulaya na Marekani humwita kwa jina la Spider-Man kwa sababu ya rangi zake, na wapo wanaonunuliwa mjusi huyu dukani. Wetu anatupita mlangoni bure. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, alilopewa mwaka 1923 kutokana na mji huu huu wa Mwanza. Mwambie mwanao hivyo, uone atakavyovimba kichwa. Atakayeona dume la kwanza ndiye achague soda. Atakayelirushia jiwe, soda yake imekufa.

Baada ya hapo teremkeni kwa miguu hadi mjini. Mtauvuka au kupita karibu na mto Mirongo, na huo ni wa kuonyesha tu, kwamba maji haya ya Mabatini yanaishia ziwani pamoja na kila mfuko wa plastiki tunaoutupa. Endeleeni hadi upande wa kivuko cha Kamanga, penye Jiwe la Bismarck. Watoto watauliza nani aliyapanga mawe yale. Jibu lake ni tamu kuliko hadithi ya majitu: hakuna aliyeyapanga. Yalikuwa chini ya ardhi, na mvua na jua la miaka isiyohesabika vikaondoa udongo na mwamba laini, ukabaki ule mgumu. Bismarck mwenyewe alikuwa chansela wa Ujerumani, na hakuwahi kuliona jiwe hilo. Kuleni matobolwa hapo, pigeni picha.

Kuhusu maji nasema bila mzaha: watoto wasiingie. Kichocho hupenya kwenye ngozi mtoto akicheza maji ya kina kifupi penye konokono, na dalili huja baadaye sana, nyote mkiwa mmeshasahau ile siku ya furaha. Mkitaka kuwa juu ya maji, pandeni kivuko cha Kamanga, mwende ng'ambo ya Sengerema na kurudi. Nauli ya mtembea kwa miguu si ya kukufilisi. Mkikuta kimejaa kupita kiasi, subirini kinachofuata. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza abiria, wakafa zaidi ya watu 200. Haraka ya Jumamosi haina thamani hiyo.

Sasa lile la kuwekea akiba: kisiwa cha Saanane. Boti huondokea Capri Point na safari ni ya dakika chache tu. Kisiwa hicho kilianza mwaka 1964 kikiwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, kikabaki na jina la mkazi wake wa zamani, Mzee Saanane Chawandi. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndogo kuliko zote Tanzania. Huko kuna swala na pundamilia, na kuna pimbi, mnyama wa kimo cha sungura ambaye nyayo zake zenye unyevu hushika jiwe, na ambaye ndugu zake wa karibu ni tembo. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio. Wakubwa na boti hulipiwa, na kwa familia ya kipato cha Mabatini hapo ndipo pagumu.

Kwa hiyo kina mama wa vikoba, nawaomba. Vikoba vyenu vimetuzika na vimetuoza. Anzeni mfuko mmoja mdogo wa boti ya watoto, kila mwanachama atoe anachoweza kila wiki, na likizo ya Juni ikifika mkodi boti moja ya mtaa mzima. Haifai mtoto azaliwe Mwanza na kumaliza darasa la saba hapa hapa, huku kisiwa anachokiona kutoka mlimani kwao hajawahi kukikanyaga.