Muungwana na Mshenzi

Lau nguruwe mwitu wa Pongwe wangalitosheka na mihogo ya jirani zangu, mimi nisingalijua hata leo kwamba mbwa nao wana nasaba. Walakini mwaka ule walizichagua ekari zangu mbili, wakazitifua usiku kwa pua zao kwa bidii ambayo vibarua wangu hawajapata kunionesha mchana, na ndipo nilipotangaza barazani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba nataka mbwa wa mawindo.

Mama Zuhura hakupinga. Alimaliza kukuna nazi yake, kisha akaniambia kwamba yeye ajua, kama ajuavyo kila mtoto aliyepita chuoni, kuwa mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba ana ruhusa yake katika sheria, ila chombo atakachokiramba kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, "na mwoshaji, Baba Zuhura, atakuwa wewe."

Haikutimia juma ila walikuja wawili wa kujaribiwa. Wa kwanza aliletwa na binamu yangu aliyerudi kutoka Maskati: seluqi, mrefu kiasi cha kuweza kuegemeza kidevu juu ya meza bila kuinua miguu, mwembamba kama mtu aliyetoka katika funga ya sita, mwenye masikio ya nywele laini kama hariri. Binamu yangu alinieleza kwa taadhima kwamba Mabedui hawamhesabu huyu pamoja na mbwa wengine, bali humwita hurr, yaani muungwana, na humruhusu kulala hemani pamoja na aila. Wa pili alitoka kwa sahibu yangu afanyaye biashara na watu wa Kisangani. Huyo alikuwa mdogo, wa hudhurungi, mkia umejisokota mgongoni kama kata ya kubebea mtungi, na paji la uso limejikunja kama kadhi aliyeletewa kesi ya mirathi.

"Mbwa gani huyu?" akaniuliza mzee mmoja wa baraza yetu.

"Basenji, mzee wangu."

"Nimekuuliza mbwa. Hao washenzi unaowataja ni kina nani?"

Ilinilazimu kumfanyia sharubati, na huku anakunywa nikamfahamisha kwamba jina hilo lina udugu wa karibu na lile tusi letu la pwani, kwamba mbwa hawa ni wa wawindaji wa misitu ya Kongo, na kwamba Waingereza waliwapenda hata wakawaonesha katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1937, kwa jina hilo hilo. Mzee akasema kwamba Waingereza wana mengi ya kujibu.

Basi kadhia iliyonikabili ilikuwa kuchagua baina ya muungwana na mshenzi, na mimi, mtoto wa mji, nilidhani jawabu linajulikana. Muungwana aliingia ndani siku ya kwanza bila kubisha hodi, akajinyoosha juu ya kochi la wageni, na kila alipoamka alikwenda jikoni kwa mwendo wa kifalme akaramba sinia. Dona aliligeuzia uso. Changu wa kupaka alimfuata hata juu ya kabati. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeliosha sinia lile mara ishirini na nane, na mwiko sijautia katika hesabu. Mshenzi, kwa upande wake, alikaa ukumbini nje, akijisafisha kwa ulimi na kwa kiganja kama paka, hana harufu, habweki. Ila alfajiri ya tatu alitoa sauti iliyokuwa katikati ya kicheko na mtu anayejifunza kuimba taarabu, na bibi wa nyumba ya pili akatoka na chetezo cha ubani, akafukiza uchochoro mzima.

Ama mawindo yenyewe, seluqi huwinda kwa macho: huko jangwani humwona paa kwa mbali, akamwandama kwa mbio zinazopita kilomita sitini kwa saa. Mihogo yangu ilikuwa imepita kimo cha mtu. Alisimama ukingoni, akatazama majani kwa dharau, akageuka, akaona mbuzi wa watu katika uwanja ulio wazi, na hapo nikashuhudia kwa macho yangu kwamba sifa zile hazikutiwa chumvi. Mbuzi alipatikana magharibi juu ya kichuguu, mzima wa afya, nami nikalipa fidia ya fadhaa.

Siku ya pili yake nikampeleka basenji. Kwa kuwa habweki, watu wa kwao humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua alipo, akaingia msituni kumfukuza mnyama hadi kwenye nyavu zilizotegwa. Nami nikamfunga njuga, nikasimama mwisho wa shamba, nikiisikiliza inavyozunguka kule ndani, mara kusini, mara mashariki, ikija kwa utaratibu wa ajabu, na moyo wangu ukajaa fahari, mpaka nilipotanabahi kwamba mbwa huyu anaitimiza kazi ya babu zake bila kukosa hata hatua moja, na kwamba mahali panapostahili kuwa na nyavu nimesimama mimi.

Nguruwe alitoka. Mkorosho ulikuwa karibu, Mungu aurehemu. Yeye akaona heri ajipumzishe kivulini chini yangu, na mbwa akaketi kando, akimtazama, kimya, kwa adabu ile ile iliyonipendeza nyumbani. Na mbwa mwingine yeyote duniani angalibweka watu wakaja.

Isha ilipokaribia, nguruwe alikwisha kuondoka kwa hiari yake, na Mama Zuhura akatokea na taa, akiifuata njuga. Akamulika mbwa, kisha akamulika juu.

"Yule muungwana kesho arudi kwa binamu yako," akasema. "Huyu mshenzi abaki. Ila hiyo njuga mvue, uivae wewe."

Nikamwomba ailete taa karibu zaidi, maana msuli wangu ulikuwa umenaswa na tawi.