Tabo ya Nyuma

Hewa ya Sumbawanga ni nzuri kwa mapafu na kwa maharage, ila injini ya gari haiipendi. Mji umekaa kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungua karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na tabo hutegemea kuvuta yenyewe hewa ya kuchomea petroli, kwa hiyo ikifika huku juu nayo hupungukiwa nguvu kiasi hichohicho. Noah ya zamani, ile SR40 yenye injini chini ya viti vya mbele, ilitoka Japani na farasi 130. Wanaofika hapa kwetu Katandala ni kama 105, na kwa umri wa Noah ya shemeji yangu, wengine kati ya hao walishastaafu na wanasubiri kiinua mgongo.

Kwa hiyo simcheki shemeji kwa kutaka tabo. Hata waliomtangulia waliwahi kuipandisha mlimani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya kifaa hiki mwaka 1905. Wazo lake lilikuwa rahisi: moshi unaotoka kwenye injini bado una nguvu, basi uzungushe gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine la kushindilia hewa ndani ya silinda. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi Pikes Peak, mlima wa Colorado wenye kimo cha mita 4,300. Injini iliyokuwa na farasi kama 350 usawa wa bahari ilibaki na 230 kule kileleni. Alipoitia tabo ikafika 356. Shemeji alikutana na habari hiyo kwenye simu, akaenda kumsomea fundi kwa sauti, akizirudia zile namba.

Tatizo likawa nafasi. Kwenye Noah ile, hata kukagua plagi ni lazima kwanza umwinue abiria na kumwomba radhi. Fundi aliinua kiti, akamulika kwa tochi, akakirudisha.

"Hapa haipiti hata sisimizi aliyeshiba," alisema. "Tuiweke nyuma."

Nyuma, yaani chini ya bampa, mahali pa mafla. Bomba la moshi linakwenda mpaka huko kama kawaida, linazungusha tabo, kisha bomba jingine linarudi mbele chini ya sakafu likiwa limebeba hewa ya kushindilia. Msicheke bado. Kule Utah, Marekani, kampuni ya Squires Turbo Systems ilijipatia jina katika miaka ya 2000 kwa kuuza vifaa vya kufunga tabo palepale pa mafla. Na kabla yao, katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege ya kivita P-47 Thunderbolt ilikuwa na injini puani na tabo karibu na mkia. Rubani alikaa katikati, moshi wa moto ukipita chini yake kwenda na hewa ikirudi. Ndege hizo zilitengenezwa zaidi ya 15,000. Hao hawakuwa mafundi wa kubahatisha.

Fundi alikuwa na hoja, nami nazikubali mpaka leo. Tabo ikifanya kazi huwa ya moto sana, mara nyingine mpaka chuma kinawiva. Ukiibana jirani na injini huchoma nyaya na mipira, na kwenye Noah ingechoma pia makalio ya anayelipa nauli ya mbele. Tena moshi wa petroli ni wa moto kuliko wa dizeli, ila ukishasafiri mpaka nyuma umepoa, kwa hiyo unaweza kutumia tabo iliyotoka kwenye gari la dizeli bila kuiunguza. Hewa iliyoshindiliwa nayo hupata joto, lakini kwa kusafiri kwenye bomba refu chini ya gari hupoapoa kabla ya kuingia kwenye injini. Na juu ya yote, tabo humeza kelele kiasi kwamba mafla waweza kuiacha. Shemeji alisikia "mafla waweza kuiacha" akaanza kupiga hesabu ya kuiuza.

Baba mkubwa alikuwa pale gereji kusubiri jembe lake lichomelewe. Akauliza lile dude ni la nini. Akaelezwa.

"Aa, mvukuto," akasema.

Anayajua anayoyasema. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru marefu ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, na mabaki yake bado yapo Nkasi. Profesa Bertram Mapunda ameyatafiti kwa miaka. Ilungu halikupulizwa na mtu. Lilijivutia hewa lenyewe kwa matundu ya chini, kwa sababu ya urefu wake, sawasawa na Noah isiyo na tabo. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye kitanuru kidogo cha kintengwe, ambako chuma kilisafishwa kabla ya kwenda kufuliwa jembe.

"Na mvukuto," aliendelea baba mkubwa, "unakaa mdomoni mwa tanuru. Ninyi mnauweka uani, halafu hewa mnaipigia simu ije jikoni?"

Fundi alisema teknolojia imebadilika. Baba mkubwa alichukua jembe lake.

Tabo iliyopatikana ilikuwa ya Fuso. Fundi hakuichagua, ndiyo iliyokuwepo. Sasa, tabo inayokaa pembeni mwa injini hupata oili ya kulainisha beringi, kisha oili hiyo hushuka yenyewe kurudi kwenye sampu. Ya nyuma imekaa chini mno, oili haiwezi kupanda kurudi, hivyo lazima iwepo pampu ya umeme ya kuivuta. Pampu ya kazi hiyo Sumbawanga haikuonekana. Ikaonekana pampu ya kurushia maji kwenye kioo, ya plastiki, nzuri, karibu mpya. Filta ya hewa ikafungwa nyuma ya tairi la nyuma, na kwa kuwa kule ndiko linakotimka vumbi lote la mkoa, ikavishwa kilemba cha dada yangu. Dada hakuulizwa.

Safari ya majaribio ilikuwa ya posa, Muze, chini kule bonde la Ziwa Rukwa. Mama mkubwa alikaa mbele, juu ya injini. Wazee, baba mkubwa akiwemo, wakajaza katikati pamoja na kreti za soda. Mimi, kwa kuwa ndiye mdogo katika msafara, nilipewa kiti cha nyuma kabisa, juu ya tabo.

Tukaondoka. Hakuna kilichotokea.

Namaanisha hivyo hasa. Tabo ya Fuso imezoea moshi wa injini ya zaidi ya lita saba. Sisi tuliipelekea moshi wa lita mbili, tena uliopoa na kunywea njiani, maana moshi ukipoa hupungua ujazo na kasi. Wanaojua kazi hii huchagua kwa ajili ya nyuma tabo yenye nyumba ndogo, ili hata moshi mchovu uweze kuizungusha. Yetu ilijizungusha kwa heshima tu. Tulichokuwa nacho ni mafla nzito kuliko zote mkoani, na kwa ukimya ilifanya kazi vizuri mno. Tulipita Ntendo kimyakimya, watu wakigeuka kututazama. Wageni wa Dar hupenda kututania kwamba sisi wa Sumbawanga husafiri kwa ungo. Siku ile hatukuwasaidia wanaotutetea.

"Kiti kinaunguza vilevile," alilalamika mama mkubwa.

"Mama, tabo ingekuwa mbele kingeunguza zaidi," alijibu shemeji. Ni kweli, lakini ni faida ambayo aliyekalia kiti hawezi kuiona.

Tulipoanza kuteremka Lyamba lya Mfipa, mwinuko unaotenganisha nyanda za juu za Ufipa na bonde, tuliacha lami na kuanza mawe. Kila jiwe lililokuwa zamani likigonga mafla ya bei rahisi sasa lilikuwa likigonga tabo, na shemeji alikuwa akikunja uso kwa kila mlio. Halafu tukafika mtoni. Mto ule amekuwa akiuvuka miaka yote huku akitafuna muwa. Sasa alisimamisha gari, akapima kina kwa fimbo ya baba mkubwa, akatuomba tushuke ili Noah inyanyuke kidogo. Sababu anayo: maji yakinyonywa na filta yanasukumwa mpaka kwenye silinda, na maji hayashindiliki, kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Kwa hiyo wazee wa posa, na suti zao za Pasaka, walivua viatu wakavuka kwa miguu, ili tabo isilowe.

Posa ilikubaliwa. Wenyeji waliuliza mbona suruali zimelowa, baba mkubwa akasema ni desturi ya kwetu.

Mambo yenyewe yalikuja wakati wa kurudi. Kutoka bondeni hadi juu ni kupanda karibu kilomita moja kwenda mbinguni, na shemeji alikanyaga mafuta mpaka chini bila kupumzisha. Moshi ukawa mwingi na wa moto, na tabo ya Fuso, kwa mara ya kwanza, ikakumbuka ujana wake. Nilikuwa wa kwanza kuisikia: mluzi mwembamba chini ya kiti. Mluzi ukapanda. Tulikuwa katikati ya kona, mahali ambapo dereva yeyote angependa gari litulie, na nguvu aliyoiomba shemeji tangu mwanzo wa mlima ndiyo ikaamua kuwasili. Noah iliruka. Mama mkubwa aliwaita Yesu na Maria na, nadhani, Yosefu. Injini ikaanza kugonga, kwa sababu kompyuta yake haikuarifiwa habari za tabo: hewa iliongezeka na petroli haikuongezwa ipasavyo, na mchanganyiko ukiwa mkavu pistoni hulalamika. Shemeji, kwa furaha, hakusikia.

Kisha pampu ya kioo ikayeyuka. Oili ikajaa kwenye tabo, ikapenya kuingia upande wa moshi, na nyuma yetu likatanda wingu la buluu zito hivi kwamba bodaboda aliyekuwa akitufuata alisimama na kuzima pikipiki. Hapohapo mpira wa rejeta, uliounganisha bomba la upepo na injini, ukachomoka kwa kishindo cha bunduki. Wazee wote wakalala chini. Kreti moja ya soda, tuliyokuwa tumerudishiwa kama heshima, ikaanza kulipuka yenyewe kwa kushirikiana.

Noah ikanyamaza kidogo, ikakohoa, ikaanza kupanda mlima. Ilikuwa ikivuta hewa yake yenyewe kwa lile tundu lililobaki wazi, bila mvukuto, na ikatufikisha juu polepole, tukiongeza oili kutoka kwenye dumu kila iliposimama kupumua. Baba mkubwa hakusema neno mpaka Katandala, na ukimya wake ulichosha kuliko mlima.

Tabo imefunguliwa. Iko chini ya meza ya fundi, na mwenye Fuso mmoja wa Laela ameshaulizia bei. Mafla imerudi, na kelele zake. Kilemba kimefuliwa, lakini rangi yake ya zamani haijulikani tena.

Jumapili iliyopita shemeji alikuja nyumbani na mchoro kwenye daftari la mtoto. Amekubali, alisema, kwamba nyuma kuna vumbi, maji na mawe, na mbele hakuna nafasi. Basi tabo ikae juu, kwenye keria. Kule hewa ni safi, mto hauifikii, na oili itashuka yenyewe kurudi kwenye injini bila pampu.

Nilitafuta kasoro kwenye hoja ile nikaikosa. Dada alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage.

"Na magunia yangu ya mahindi, baba watoto," akauliza, "utayapakia wapi?"